Kisanduku Kimegoma

Gari la zege lilitakiwa kufika saa nne kamili, na saa tatu na nusu Bi Rula bado alikuwa anazozana na kisanduku. Mafundi ndio waliompa jina hilo la Rula, kwa kuwa alichora ramani za majengo na hakuvumilia mstari uliopinda wala mtu aliyepinda. Kisanduku chenyewe, cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, kilikaa sebuleni juu ya kabati, kimeunganishwa na mtandao wa nyumba, na ndani yake zilitunzwa ramani zake zote. Jana jioni aligundua kwamba nguzo ya tatu ya ghorofa jipya ameichora katikati ya mlango. Akairekebisha, akaihifadhi humo, akasema ataituma asubuhi. Zege likimwagwa kwa ramani ya zamani, ni kubomoa, na baada ya hapo nani atampa kazi?

Alipoandika neno la siri, kisanduku kilimjibu kwamba akaunti imefungwa kwa dakika tano, kuna mtu amekosea mara nyingi mno. Mtu gani tena, naye ndiyo kwanza anajaribu? Akaizunguka meza, akangoja, akaandika. Imefungwa. Akakizima, akakiwasha, kikanguruma, kikawasha taa zake zote, kikamkatalia vilevile.

Hapo akamkumbuka shemeji, mdogo wa mumewe, fundi mwashi aliyekuwa akiishi nao. Nyumba nzima ilitumia akaunti moja hadi juzi, ramani moja ilipopotea. Bi Rula alimshuku shemeji huyo, akabadilisha neno la siri kimyakimya. Sasa aliona mambo yamejitokeza yenyewe: jamaa analazimisha kuingia. Akampigia huko huko kwenye msingi wa ghorofa hilo jipya, alikokuwa akifanya kazi, akammwagia yote, wizi na neno la siri na nguzo na zege, bila kumeza mate.



"Shemeji, simu yangu ndiyo hii ninayoongea nayo," shemeji alimjibu, "na kompyuta sina. Kitakuwa kitu cha humo ndani, bado kina neno la zamani, kinajaribu chenyewe. Tazama kwenye ruta."

Akafungua orodha ya vitu vilivyoshika mtandao. Televisheni, printa, simu yake, kompyuta yake. Na tableti. Ya kwake mwenyewe, ile anayosomea ramani kitandani, aliyoiacha ikiwaka tangu jana usiku, ambayo hakukumbuka kuipa neno jipya. Alikimbilia chumbani, akaikuta chini ya mto, na ndani yake imo ile ramani iliyopotea. Aliihamisha yeye mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na chake alikuwa akikilalia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akaizima tableti. Dakika tano alizimaliza kwa miguu, mlangoni na dirishani, dirishani na mlangoni. Kisanduku kikafunguka, akatuma ramani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Akapiga simu akijua amechelewa.

"Gari lipo, linazungusha tu," shemeji alisema. "Mwenye jengo alitaka limwage. Nimemwambia nguzo ya tatu nimekosea kupima mimi, anipe nafasi."

"Kwa nini ujitwike kosa langu?"

"Fundi hufukuzwa kila siku, shemeji, hilo halina uzito. Ramani zako ndizo zinazotulisha wote." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ameshaambiwa kesho asije.

Bi Rula akakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akamwambia ampe huyo mwenye jengo simu. Mwenye jengo akapokea kwa ukali, akauliza ni nani.

"Mchoraji," alisema. "Nguzo ya tatu niliikosea mimi. Shemeji yangu hakukosea kitu."

Akameza mate.

"Na hajawahi kuniibia," aliongeza, ingawa hilo hakuna aliyemuuliza.