Mahindi ya Mkwe

Pale Mpemba, karibu na Tunduma, kwenye vihenge vya bati vya bwana Enoka kando ya barabara kuu, hakuna mtu aliyechukiwa kama Gwantwa. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa mahindi getini. Alichota mahindi katikati ya gunia, akayatia kwenye chupa yenye chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikibaki chini, shusha mzigo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, geuza gari.

Madereva walimwita Mama Chumvi. Mjane mmoja wa Ndalambo alimlilia huku mvua ikinyesha, akisema hana pa kuyaanika. Gwantwa akamjibu ayaanike kitandani kwake. Alikuwa na ulimi mkali huyu mwanamke, na simtetei. Lakini alijua anacholinda. Mahindi mabichi yakimwagwa kihengeni hupata joto, huota ukungu, kisha hushikana yakawa tabaka gumu. Unafungua mlango wa chini, ya chini yanatoka, ya juu yanabaki yamening'inia kama dari. Wenyewe huliita daraja. Ukichungulia kutoka juu unaona kihenge kimejaa, kumbe chini ya lile tabaka ni shimo tupu.

Mumewe, Asajile, ndiye aliyekuwa mwangalizi wa vihenge hivyo. Alikuwa mtu wa milima ya Ileje, wa ukoo ambao bado ulishika mila ya zamani: mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake. Akisikia anakuja, hujificha. Akivunja mwiko, hutozwa ng'ombe na aibu juu yake. Vijana wa Tunduma waliicheka mila hiyo, na mchungaji alishaikemea kanisani, lakini kwa Mzee Nsajigwa, baba yake Asajile, haikupungua hata kidogo.

Basi msimu huo wa mavuno Mzee Nsajigwa akaingia getini na lori zima la mahindi. Gwantwa aliiona kofia yake tu. Akajirusha nyuma ya ofisi ya mizani, akajitanda kitenge, akachutama ukutani na chupa yake mkononi. Wapakiaji walicheka hadi wakashika mbavu. Mama Chumvi leo kapata kiboko yake.

Mzee akauliza kwa upole kama mkamwana yupo. Akaambiwa yupo, kajificha. Akasema ni vizuri, ana adabu, kisha akaamuru mzigo ushushwe. Hakuna aliyepima. Mimi nasema mzee alijua. Alijua nani anapima pale, na alijua kwake hatapima.

Alipoondoka, Gwantwa aliokota punje zilizodondoka akazibonyeza kwa ukucha. Zilibonyea. Jioni alimweleza mumewe, akamsihi ayatoe kabla hayajafunikwa na mengine. Asajile akaweka kijiko chini.

"Mahindi ya baba hayapimwi," alisema.

Gwantwa angeweza kumwendea Enoka. Hakwenda. Kusema mbele ya watu kwamba mkwe ameleta mahindi mabichi kulikuwa sawa na kumvua nguo sokoni. Akajiambia lori moja ndani ya kihenge kizima litaharibu nini. Mjane wa Ndalambo alikuwa na magunia machache tu, na huyo hakumwachia hata moja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wiki zikapita, wakaja wanunuzi wa Zambia na malori yao. Kihenge cha kati kikafunguliwa, mashine ya kuvuta ikawashwa, mahindi yakashuka kwa nguvu. Kisha yakapungua. Kisha yakakata kabisa, na mashine inanguruma tu.

Gwantwa akachukua fimbo, akazunguka kihenge akigonga bati. Huku chini lililia kama debe tupu. Akanyoosha mkono akagonga juu zaidi, bado tupu. Akapanda juu ya gunia na kunyoosha fimbo hadi mwisho wake. Hapo ndipo mlio ulipokuwa mzito. Bati lenyewe huko juu lilikuwa na joto, na kwenye maungio ilitoka harufu ya pombe iliyochacha. Daraja, tena kubwa, na chini yake shimo la kummeza mtu. Daraja huangushwa kutoka nje, kwa mti mrefu kupitia dirisha la juu, mashine ikiwa imezimwa. Mtu halikanyagi.

Akatoka mbio kwenda kumwambia mumewe. Kwenye kona akasimama ghafla.

Mzee Nsajigwa alikuwa pale. Alikuja kumsalimia mwanawe, na sasa amesimama chini ya ngazi, ubavuni mwa swichi ya mashine, akitazama juu kwa fahari. Asajile alikuwa keshafika dirishani na mti mkononi. Hakuwa na kamba. Kamba ilikuwa ofisini. Hakutaka baba yake amwone amefungwa kama mbuzi. Mti ulikuwa mfupi, na mahindi yalionekana tambarare, yamejaa, imara. Akaingiza mguu mmoja.

Gwantwa aliita, lakini mashine ilimeza sauti. Akarudi nyuma ya ukuta, akamshika mkono Felista, mfagiaji, akamwambia akimbie amwambie mzee azime mashine na amzuie mwanawe. Felista akakimbia. Gwantwa akamwona mzee akimsikiliza, akitabasamu, akimjibu. Felista akarudi akihema.

"Anasema mwambie mkamwana, hapa kuna wanaume."

Hatua chache tu zilikuwa kati ya Gwantwa na swichi. Alimpenda Asajile, hilo nalisema wazi, alimpenda sana. Akajivuta kitenge kichwani, akaweka mguu mbele, akaurudisha.

Ndipo kihenge kikatoa mlio mzito ndani, na mahindi yakaanza kutiririka tena. Yalitoka mengi, safi, kwa kasi. Wapakiaji wakapiga makofi. Dereva wa Kizambia akacheka akasema, "Chawama!" yaani safi sana, na Enoka akampongeza Asajile kwa sauti kubwa, mkono umenyooshwa kuelekea juu.

Dirishani hapakuwa na mtu.

Gwantwa alitoka wazi wazi, kitenge kikaanguka, akampita mkwe wake kifua kwa kifua, akazima mashine. Walikata bati kwa msumeno. Walipomtoa Asajile, kinywa chake kilikuwa kimejaa mahindi ya baba yake.

Walimzika Ileje. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa, wakamtoza Gwantwa ng'ombe kwa kumpita mkwe kichwa wazi. Juu ya mahindi hawakusema neno. Kisha Mzee Nsajigwa akainuka mwenyewe, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya mkamwana wake. Tangu aolewe, mzee alikuwa hajapata kumsemesha.

"Ya watu wote ulipima," alisema. "Yangu kwa nini uliyaacha?"

Gwantwa akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Asajile.

"Nilikuheshimu, Nsajigwa," akamjibu.

Wazee waliposikia wakaongeza ng'ombe wa pili, kwa kulitaja jina.