Viti Vyenye Karatasi Nyekundu

Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo hivi kwamba baba yake alipomwona aliniuliza taratibu kama kipande kingine kinafuata. Dawa yake kubwa ilikuwa kifua changu. Muuguzi alinifundisha kumlaza ngozi kwa ngozi, nishinde naye kwenye kiti cha kuegemea, kando ya kitanda chake cha joto. Akiongezeka uzito, tungerudi nyumbani. Na alikuwa anaongezeka. Mashavu yalishaanza kuja.

Ndipo wakaja watu wa kuboresha huduma. Njia yao ilikuwa nyepesi: kila kisichotumika wodini kibandikwe karatasi nyekundu, kiondolewe, kazi iende haraka. Sikuwapinga. Kwenye masomo yangu ya jioni tulifundishwa hayo hayo kuhusu kupanga maghala, na niliyaamini.

Ila ili wakague vizuri, sisi akina mama tulitolewa. Tukawalaza watoto, tukasimama koridoni, mama wa mapacha akitania kwamba heri tumejitoa wenyewe kabla hatujafagiliwa. Tuliporudi, kila kiti kilikuwa na karatasi nyekundu. Walivikuta vitupu.

Nilimfuata mkubwa wao, nikamweleza kwa upole kwamba vilikuwa vitupu kwa sababu yeye ndiye aliyetutoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, maoni yako ni mazuri sana," alisema. "Tutayaangalia awamu ijayo."

Viti vikabebwa. Mama mkwe akaleta kigoda kutoka nyumbani. Mlinzi akakizuia getini, eti hakimo kwenye mpangilio. Kukaa sakafuni nako kulikuwa marufuku, eti tusiwaletee watoto vijidudu. Basi nikawa nambeba nimesimama, mshono wa upasuaji ukinivuta, mpaka miguu igome, ndipo nimrudishe kitandani. Wenzangu vilevile.

Uzito ukaanza kushuka. Muuguzi alimpima, akampima tena, hakuniangalia usoni. Nikamuuliza lini tutakwenda nyumbani.

"Si sasa, binti yangu," akasema.

Kisha wodi ikashinda tuzo ya mpangilio bora. Mpiga picha alipofika aliniomba nisogee kidogo, eti naziba ile nafasi tupu.

Nilisogea hadi pale kiti changu kilipokuwa, nikakaa chini. Sakafu ilikuwa inang'aa, baridi kama bati. Nikafungua vifungo, nikamweka mwanangu kifuani, nikamfunika na khanga.

"Kua tu, baba," nikamwambia. "Kua twende zetu."

Muuguzi aliniona, akageuza shingo. Picha wakaipigia upande wa pili.