Moshi wa Majani ya Mchinari

Matufaha yakishapakiwa kwenye malori na michinari, miti mikubwa ya majani mapana, ikaanza kupukutisha majani, mji mzima wa Sopore huwasha moto. Kila ua huwa na lundo lake linalofuka, na mwanamke kasimama kando na ndoo, akivizia wakati wa kuyanyunyizia maji kabla hayajawa jivu. Hapo hupata makaa mepesi ya kutia kwenye kangri, kijungu cha udongo ambacho watu hukibeba ndani ya joho msimu mzima wa baridi. Moshi wake haupandi. Hulala juu ya mto Jhelum na juu ya mapaa, ukakaa hapo mpaka theluji ianguke.

Mtaani kwao hakuna aliyemfikia Haleema kwa makaa. Yake yalishika moto tangu alfajiri hadi jioni, na hakumwacha mtu akalisahau hilo.

Mwaka huo alikuwa na mkamwana mpya, Nuzhat, binti wa kijiji cha juu milimani. Mwanawe Imtiyaz alimwoa wakati miti inachanua, kisha akarudi kwenye lori lake; msimu huu alikuwa safarini kupeleka matufaha Delhi. Kiangazi chote Nuzhat hakujua kuchoka. Moshi ulipoanza, akawa wa kukaa kwenye ngazi, mkono kifuani.

"Ajabu ya kifua chako," Haleema alimwambia. "Wakati wa kula hakina neno. Kikiona ufagio, kinabana."

"Labda kinakuogopa wewe, mama," Nuzhat alijibu, akacheka hadi akashikwa na kikohozi.

Haleema aliona ni deko tu. Adhuhuri moja akamtuma akazime lundo la uani. Alipotoka jikoni alimkuta amepiga magoti kando ya moto, ndoo imepinduka, midomo imekuwa zambarau, anahangaika na pumzi isiyoingia. Akamwita Taja, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, wakamnyanyua wakampakia kwenye bajaji.

Wodi ilikuwa imejaa. Watoto walilala wawili wawili, na wazee walikaa wima kwa sababu kulala walishindwa. Nuzhat akawekewa barakoa ya oksijeni. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya uchovu, alieleza kwamba binti ana pumu, na kwamba kila mwaka majani yakianza kuchomwa, wodi hufurika namna hiyo. Haleema aliinama amshike mkamwana wake shavu. Nuzhat akageuza uso, akakohoa hadi barakoa ikahama.

"Sogea nyuma kidogo, mama," nesi alisema. "Joho lako linanuka moshi."

Haleema akarudi nyuma mpaka ukutani. Maisha yake yote hakuwahi kuambiwa neno lililomwingia kama hilo. Akalivua joho, akaliacha nje kwenye benchi, akaazima shali kwa mtu wa kitanda cha pili. Alitetemeka kwa baridi, lakini aliweza kukaa karibu.

Aliporudi nyumbani kuchukua nguo, aliyamwagia maji malundo yake yote. Majani yaliyobaki akayabeba kwa kapu hadi kwenye miti yake ya matufaha, akachimba shimo akayafukia yaoze.

Taja alikuwa akimtazama juu ya ukuta. "Na kangri mwaka huu utaitia nini? Dua?"

"Nina makaa ya mwaka jana. Yakiisha, nitavaa soksi mbili."

"Wewe? Uliyetutambia makaa miaka yote?"

"Mimi huyuhuyu. Ulimwona yule mtoto, Taja. Ulimshika miguu."

Kesho yake Taja akawasha moto kama kawaida. Haleema hakugombana naye. Aliingia uani kwa Taja na kapu na reki, akaanza kuzoa majani ambayo bado hayajafikiwa na moto. Taja alisimama akimtazama mpaka aibu ikamshinda, akachukua ndoo akazima mwenyewe, huku akilalamika kwamba siku hizi mtu hana amri hata uani kwake. Kisha wakalibeba kapu pamoja, huyu mshikio huu, yule ule. Wanawake wengine walitoka kuangalia. Baadhi walicheka wakarudi ndani, baadhi wakaleta makapu yao. Kuhusu makaa, walikubaliana kuchoma kidogo tu, mbali na nyumba, kwenye uwanda wa kando ya ziwa lililo nje ya mji, siku ya upepo.

Imtiyaz alirudi safari, akamleta mkewe nyumbani. Kifua kilikuwa bado kinapiga mluzi, na dawa ya kuvuta haikumtoka mfukoni. Lakini alipoketi dirishani aliliona daraja zima la mto Jhelum, hadi nguzo zake za mwisho. Haleema akamletea chai ya chumvi, kama wanywavyo kwao.

"Mama," Nuzhat alisema, "moshi wa ng'ambo bado unakuja huku."

"Nauona. Kunywa chai. Nikimaliza vyombo navuka."

"Watakufukuza."

"Na wanifukuze. Nitakwenda na Taja, yeye ana mdomo."

Alasiri hiyo watu wa ng'ambo waliwaona wanawake wawili wa makamo wakija darajani na makapu matupu, wanabishana nani aanze kusema.