Malisho ya Ukutani

Athanasie alikuwa akipepeta maharage mlangoni mwa nyumba yake, huko juu Masisi, mume wake Sebahire alipomuuliza ng'ombe alikuwa wapi.

"Gaju iko mu foto."

"Itarudia saa ya kukamua?"

"Itarudia."

Sebahire akaenda kuosha chombo cha maziwa.

Foto hiyo Athanasie aliipiga mwenyewe, kwa aparei ya kupigia picha aliyoachiwa na sista mmoja wa misheni. Alipenda kupiga vya karibu: kuku kwenye majivu, ukungu juu ya migomba, nguo zilizoanikwa uani. Hii ilikuwa ya mlima wa nyuma ya nyumba, na majani yake mengi, kabla mzungu mmoja hajaja mwaka 1953 kuuzungushia waya. Alisema atapanda pareto. Hakupanda. Gaju alikonda mpaka siku alipoingia ndani, akainusa foto ukutani, akainua mguu, akazama humo.

Jioni alitoka ameshiba. Aliingia mwekundu, akarudi wa kijivu, maana foto haikuwa ya rangi. Maziwa yalikuwa yaleyale.

Majirani nao wakaleta ng'ombe wao.

"Muwapanguse miguu kwanza," aliwaambia Athanasie. "Nimetoka kufagia."

Mzungu alipopata habari, alimtuma mlinzi wake, Kanyamibwa, aliyevua kofia mlangoni.

"Mama, majani ya mu foto iko ya bwana. Mulima njo yake."

"Ile siku nilipiga foto, mulima ilikuwa yetu."

"Nilimuambia vile. Anasema mulima ni ileile."

Akaomba kiti cha kupandia, akaingia ndani ya foto na nguzo na waya. Athanasie alimpelekea viazi mchana, kwa kuwa walisali kanisa moja. Kanyamibwa alipomaliza kuzungusha waya akatoka, wa kijivu naye. Ng'ombe walibaki nje ya waya, pembeni kabisa mwa foto, wakimtazama aliyeipiga.

Athanasie alilia kidogo, kisha akapangusa kioo cha aparei kwa kitenge. Alitafuta majani yasiyo na waya, akayaona mahali pamoja tu: juu ya paa lake. Akayapiga foto.

Tangu hapo Gaju alikula paani, na kila jioni Sebahire aliingia mu foto na ngazi kwenda kumkamua.

"Usimwage," Athanasie alimwambia.

Nyuma ya nyumba, ndani ya waya, majani ya kweli yalifika kifuani, na hapakuwa na mnyama wa kuyala.