Mstari Uliogoma Kusogea

Ukumbini wageni walishakaa na kamera zilishawekwa tayari. Katika chumba cha mitambo, mtafiti alikuwa amekodolea macho skrini. Kwa miaka mingi dishi lao la kunasa mawimbi ya angani lilisikiliza wingu la gesi lililo mbali kati ya nyota. Leo mwalimu wake, aliyekwisha kupeleka barua ya kustaafu, angetangaza kwamba humo mna molekuli mpya, jamaa ya sukari. Ushahidi wao: mistari mitatu ya mawimbi, kila mmoja umesimama pale hesabu ilipoutaka.

Lakini alipokuwa akiandaa picha za wageni, alilinganisha vipimo vya zamani na vya juzi. Dunia huzunguka jua, mara inalisogelea wingu, mara inaliacha, hivyo mawimbi ya wingu hilo hayana budi kupanda na kushuka kidogo. Mistari miwili ilikuwa imesogea. Wa tatu uliganda kama uliopigiliwa msumari.

Alimgeukia fundi wa dishi. "Kaka, ligeuze. Lielekeze mahali patupu."

"Sasa hivi? Mzee yuko njiani kukuchukua!"

"Ligeuze, tafadhali."

Dishi likanguruma. Mara mwalimu akaingia na suti yake, uso umemnawiri. "Mwanangu, twende. Watu wanatungoja."

Mtafiti akaonyesha skrini tu. Mistari miwili ilififia, ikazimika. Wa tatu ukabaki umesimama pale pale, na dishi halitazami kitu.

Mwalimu akashika kiti. "Huo ni wa hapa hapa duniani."

"Ndiyo, Mwalimu. Kuna kitu kinatupigia kelele."

"Na miwili haitoshi?"

"Molekuli nyingine zina mistari kama hiyo. Hatuwezi kuapa."

Mtu akabisha mlango: "Mzee, wanakuulizia!"

"Tungetangaza tu," mwalimu akanong'ona, "halafu baadaye..." Akakatiza. Mzee akalegeza tai. "Nani alikufundisha kunikatili hivi?"

"Wewe."

Mzee akaguna, nusu kicheko, nusu kilio. Wakaingia ukumbini pamoja. "Tumekosea," mwalimu alisema mbele ya kamera. Wapo waliocheka, wapo waliofunga virago. Mtafiti alijibu maswali.

Kesho yake mwalimu alifika wa kwanza, mikono ya shati ameikunja, akazunguka jengo na fundi wakizima kifaa kimoja baada ya kingine. Mchawi wao walimkuta getini: kifaa cha kutambua magari, kilichokuwa kikirusha mawimbi yake.

Mwalimu akaomba arudishiwe barua yake ya kustaafu.