Chaki na Friji Wavuka Daraja

Mama yangu alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumpa mtu maksi za huruma. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Kwa miaka minne ya ndoa yetu, wawili hao walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki: shikamoo, marahaba, kimya.

Kisha Mama akateleza bafuni kwake, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Plasta ilipotolewa vidole vilikuwa vimekakamaa, na mtaalamu wa viungo akasema asipovifanyisha kazi kila siku vitabaki hivyo hivyo. Nikamleta akae kwetu. Alipewa mpira laini wa kufinya. Aliufinya siku mbili. Tangu siku ya tatu nikawa naukuta chini ya kochi.

"Umeanguka," akasema.

"Ni mara ya tatu, Mama."

"Unachosha. Mtu unafinya, unaachia, hupati jibu lolote."

Mume wangu alikuwa mkekani karibu na cherehani yangu, ninaposhonea sare za shule. Ana vifaa viwili vya gemu vya mkononi, vya zamani, alivyovifufua mwenyewe. Gemu anayoipenda ni ya vita: askari wawili wanaingia ngome ya adui kumtoa daktari aliyetekwa. Ni ya watu wawili, kila mmoja na kifaa chake, na mmoja akifa wote wanarudi mwanzo. Rafiki aliyekuwa akicheza naye alihamia mbali. Mimi nilijaribu mara moja, nikamlipua mume wangu kwa bomu langu mwenyewe.

Sijui siku hiyo alipata wapi ujasiri. Aliinuka, akaweka kifaa cha pili mapajani kwa Mama.

"Hiki kitufe cha juu, kushoto, kinabonyezwa kwa kidole cha shahada. Ni mazoezi tu, Mama."

Mama akavaa miwani. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mbona nimeshika bunduki?"

"Tuko vitani, Mama."

Jioni ile walikufa mara kumi na tisa. Kilichowaua ni adabu. Mume wangu alikuwa akisema, "Mama, samahani, kama hutajali, hapo ingefaa ulale chini kidogo," na kabla hajamaliza, Mama keshapigwa risasi. Siku ya tatu Mama akaweka kifaa chini, akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyechelewa.

"Sikiliza. Heshima yako itatumaliza. Humu ndani mimi si mkwe wako. Nipe jina fupi."

Mume wangu akafikiri. "Chaki."

"Vizuri. Na wewe ni Friji. Useme: Chaki, lala. Chaki, piga. Basi."

"Sawa, Ma... Chaki."

Tangu hapo nyumba haikuwa na utulivu. Nikiwa nakunja pindo nasikia, "Friji, nyuma yako, unalala?" na mume wangu, ambaye huongea na mafriji kuliko watu, anajibu kwa sauti ya juu, "Namwona, Chaki, tulia wewe." Nilishona kola mbili kinyume kwa sababu yao.

Walivuka msitu, wakavuka ghala la mafuta, wakamtoa daktari chumbani alikofungiwa. Wakafika kwenye daraja lililokatika, wakakwama. Wiki nzima na ushei. Askari mmoja alitakiwa ashikilie kamba, yaani abonyeze kile kitufe cha kushoto bila kuachia, huku mwenzake akimvusha daktari mgongoni. Kuvuka kulichukua sekunde tisa. Kidole cha Mama kilikuwa kikichoka kwenye ya sita, na kamba inamponyoka. Juu ya hayo kulikuwa na mlinzi akizunguka, na taa kubwa ikimulika.

"Tubadilishane," mume wangu akasema. "Mimi nishike, wewe uvuke."

"Hapana. Mkono huu ni wangu na kamba ni yangu."

Siku moja Mama alikataa kufyatua hata risasi. Aliamuru askari wote wawili wajifiche nyuma ya mapipa, akakaa akitazama saa ya ukutani na kuandika kwenye daftari langu la vipimo.

"Mlinzi anakwenda na kurudi kwa sekunde kumi na nne. Taa inazunguka kwa sekunde kumi. Kigawe kidogo cha shirika?"

Mume wangu akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sabini," nikasema kutoka kwenye cherehani.

"Sikukuuliza wewe. Friji, ni ngapi?"

"Sabini."

"Kwa hiyo kila sekunde ya sabini wote wawili wanatupa kisogo. Tulikuwa tunakurupuka tu."

Bado kilibaki kidole. Nikauona tena ule mpira, safari hii mkononi mwake, akiufinya asubuhi akingoja chai.

Jumamosi alasiri wakakaa bega kwa bega. Nikasimamisha cherehani. Mama alikuwa akihesabu kwa sauti ya darasani: sitini na saba, sitini na nane, sitini na tisa.

"Nenda."

Mume wangu akaingia kwenye kamba na daktari mgongoni. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya sita kidole cha Mama kikaanza kutetemeka, mkono mzima ukafuata mpaka begani.

"Chaki, nirudi?"

"Nimeshika. Kimbia."

Saba. Mama alikuwa amefumba macho, meno yameumana. Nane. Nilijikuta nimeshika bega lake nami nahesabu. Tisa.

"Nimefika," mume wangu akasema. "Achia, Chaki. Achia, tumevuka."

Hakuweza kuachia. Kidole kilikuwa kimeganda kwenye kitufe, ikabidi mume wangu akinyanyue taratibu kwa vidole vyake viwili, wote wakicheka hadi machozi. Kwenye kioo helikopta ilikuwa ikipaa na daktari wao. Mama akasimama, akamkumbatia mkwe wake kwa mikono yote miwili, akampigapiga mgongoni.

"Mia kwa mia," akasema. "Wote wawili."

Jumatatu hospitalini mtaalamu wa viungo alimpa afinye chombo cha kupima nguvu za kiganja. Alitazama kipimo, akamwambia afinye tena, akatazama tena.

"Mwalimu, umekuwa ukifanya mazoezi gani?"

"Nimekuwa vitani," Mama akajibu, kisha akamgeukia mume wangu aliyekuwa mlangoni na mkoba wake. "Muulize kamanda mwenzangu. Atakueleza vizuri."

Na mume wangu akavuta kiti, akaanza kueleza tangu msituni, huku watu watatu wakingoja zamu yao nje.