Kielelezo Namba Moja

Fundi makochi alikuwa na misumari mitano mdomoni na nyundo mkononi simu ilipotetemeka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Hakuitazama. Alichomoa msumari mmoja midomoni, akaugonga, akachomoa wa pili. Kochi lilikuwa la mama mwenye saluni, ambaye aliahidiwa Jumatano, na leo ilikuwa Ijumaa. Simu ikatetemeka tena. Akaitema misumari iliyobaki kiganjani, akasoma.

"Saa kumi kamili. Nikiona kimya naanza na Muuguzi."

Muuguzi ni binti yake, mtoto wa pekee. Ndivyo alivyomwandika kwenye simu, kama alivyomwandika kila mtu kwa kazi yake au kwa kochi lake: Saluni, Mbao, Kochi la Kijani, Muuguzi. Orodha nzima ilikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua.

Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Mwaka huu seremala wa jirani, anayeitwa Spika kwa sababu hajui kunyamaza, alimwekea programu ya kutafuta wachumba, akamwambia mzee, utaongea na makochi mpaka lini. Akapatikana mwanamke, mjane kama yeye, kwa maelezo yake. Kila jioni alimuuliza kama amekula. Wiki ya tatu akamtumia programu nyingine ya kupigiana video, eti ile ya kwanza inakatakata. Fundi aliipakua na kuiruhusu kila ilichoomba bila kusoma, kama watu wote. Jumapili moja mchana alivua shati, halafu na vingine. Dakika saba. Kesho yake mjane hakuwepo tena. Aliyeandika aliandika kama karani mwenye haraka, akidai fedha la sivyo asambaze ile video, na alishalipwa mara mbili. Fundi hakuwa na cha kulipa mara ya tatu, na hata angekuwa nacho, alikwishaelewa kwamba yule hashibi.

Alifunga karakana, akamwambia Spika anafuata sponji, akaenda kituo cha polisi cha mtaani.

Kaunta ilikuwa na watu: mwanamke aliyegombana na mpangaji mwenzake, kijana mwenye jicho lililovimba. Fundi alijaribu kusema kwa sauti ya chini, lakini askari wa zamu alikuwa na kalamu isiyoandika na masikio yasiyosikia sauti ya chini. Akamwambia arudie. Akarudia. Mwanamke wa ugomvi aliacha kulia ili asikilize.

"Mzee wangu," askari akamuuliza, "ulivua mwenyewe au ulivuliwa?"

Kijana wa jicho akacheka, akajutia jicho. Fundi alijibu kwamba alivua mwenyewe. Askari akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza upelelezi, kisha, kwa wema wa namna yake, akamweleza kwamba mambo ya mitandao yana dawati lake kituo kikuu, na kwamba asiende mikono mitupu. Aprinti kila kitu, meseji na picha, kwa rangi. Bila karatasi hakuna jalada.

Njiani aliona kibao cha msaada wa kisheria, akapanda ngazi. Wakili alikuwa binti wa umri wa binti yake, na meza yake ilikuwa imejaa mafaili ya kesi za nyumba na za watoto. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Fundi alishukuru hata kwa hilo.

"Sheria ipo, baba. Tena nzuri," alisema. Kumtisha mtu ili atoe fedha ni kosa. Kusambaza picha zake za faragha ni kosa jingine, na kutishia tu kusambaza nalo ni kosa. Zaidi ya hapo, mahakama inaweza kutoa zuio.

Fundi akasogea mbele kitini. "Zuio linapatikana leo?"

"Tukiliandika leo, Jumatatu huenda likamfikia hakimu. Lakini lazima tuseme linamzuia nani. Jina na mahali alipo, ili apelekewe hati."

"Simjui."

"Ndiyo hapo tunapokwama. Jina watalitoa watu wa kampuni ya simu, wakiandikiwa na polisi. Polisi wataandika wakishafungua jalada." Alitazama saa ya ukutani, saa tano na nusu. Wenye programu ile ya wachumba angewaandikia yeye, lakini wao hujibu baada ya wiki, na hujibu kwa kushukuru. Akamwambia asilipe tena, asifute kitu, asijibizane. Halafu akaweka kalamu chini. "Na mwambie binti yako mwenyewe, kabla hajaambiwa. Hilo halihitaji hakimu."

Steshenari ilikuwa mkabala, na foleni ya wanafunzi mpaka mlangoni. Fundi aliwapisha wote, akapisha na wengine waliokuja nyuma yao. Saa nane ikapita. Mwenye duka, mama wa makamo, alimuuliza baba wewe umekuja kupumzika, ndipo akasogea na kumtumia mafaili. Mashine ilianza kutoa karatasi. Ya kwanza ilikuwa meseji. Ya nne ilikuwa yeye.

Mama alisimama kati ya mashine na wateja, akazipokea zote kumi na mbili moja moja na kuzilaza kifudifudi. "Nimekugeuzia," alisema, akazitia kwenye bahasha. Fundi alimwomba afute mafaili kwenye kompyuta. Alifuta palepale, akageuza skrini ili aone. Fundi aliona skrini tupu, akaondoka bila kujua kama tupu ni tupu kweli. Sasa watu waliomwona walikuwa mwizi na mwenye steshenari. Akishafika kituo kikuu ataongeza na askari.

Nje, chini ya ngazi za benki, akambonyeza Muuguzi.

"Baba, shikamoo. Niko wodini. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu."

"Umekula?"

Alisikia kitanda kikisukumwa, mtu akimwita sista. Akajaribu kuipata sentensi. Kila alivyoianza ilimalizikia mahali ambapo baba hawezi kumpeleka mwanawe.

"Baba? Nakusikia unahema."

"Nimekula," alisema. "Fanya kazi, mama. Tutaongea."

Dawati la mitandao lilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, na afande mmoja, mwanamke aliyechoka, aliyemwita mzee na kumpa kiti. Hakucheka. Alizipitia karatasi kumi na mbili kama mtu anayekagua risiti, akazitoboa tundu kwa mashine, zote kwa pamoja, akazifunga kwenye jalada.

"Sasa simu."

Fundi alidhani anataka kuiona. Afande akaeleza kwamba karatasi ni nakala tu, za kukaa kwenye jalada. Kielelezo chenyewe ni simu, na simu inabaki.

"Mpaka lini, afande?"

"Mpaka kesi iishe."

"Naomba niilete Jumatatu."

"Ukiileta Jumatatu, jalada nalo la Jumatatu. Barua za kwenda kampuni za simu zinaondoka Ijumaa saa kumi na dereva. Hii ikikosa, inangoja Ijumaa ijayo." Hakuwa mkali. "Chagua, mzee."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Barua ile ndiyo ingeleta jina, na jina ndilo lingeleta zuio. Fundi akaitoa simu, akataja namba ya siri, akasaini. Afande hakuizima, akasema ikizimwa vitisho vipya havitaingia na hivyo navyo ni ushahidi. Akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi, akaipiga muhuri mara tatu juu ya mfuniko, akaandika: Kielelezo Na. 1, simu moja, inafanya kazi. Dereva alichukua barua na kushuka.

Fundi alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka kwamba namba ya binti yake haijui. Hajawahi kuipiga kwa tarakimu. Alikuwa akigusa jina. Akarudi. Aliomba bahasha ifunguliwe dakika moja, ainakili tu.

"Ina muhuri, mzee. Nikiupasua, wakili wake atasema tumechezea ushahidi."

"Wakili wa nani? Hana hata jina."

Saa kumi ilikuwa imepita dakika mbili bahasha ilipoanza kutetemeka juu ya meza. Mara moja, fupi. Halafu ikaita, ile ya kuita kweli, ikajisogeza taratibu kwenye mbao. Wote wawili waliitazama. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena.

"Mtu gani huyo?" afande aliuliza.

"Huenda mwanangu."

"Atapiga tena."

Fundi akavuta kiti, akaketi mbele ya bahasha, mikono magotini, akangoja. Haikuita tena.